Panya na miche ya milimani

Ninyi mnaolima katika milima ya Kivu, sikilizeni. Leo sitasema habari ya tembo wala ya nguruwe wa mwitu. Nitasema habari ya nyama wadogo: panya na fuko. Tembo akipita shambani, kila mtu aona. Panya akila, hapana anayeona, na baada ya miaka watu huuliza: Mbona mwitu haurudi, na udongo wetu wateremka bondeni kila mvua?

Tazameni mahali miti ilipokatwa kwa makala au kwa mbao. Wengi husema: tuache tu, miti itaota yenyewe. Mara nyingine ni kweli. Mti mmoja mzee ukianguka kwa upepo, jua laingia kidogo, na miche iliyongojea chini kivulini yapata nguvu na kwenda juu. Lakini miti mingi ikikatwa pamoja, jua laingia lote. Ndipo majani marefu, miiba na kamba za mwitu hufunika udongo. Katika mwitu wa Kahuzi iko kamba moja, watu wa elimu waiita Sericostachys scandens; yapanda juu ya miti na kuilemea, na mche ulio chini yake hukosa mwangaza.

Nani apenda kichaka kama hiki? Panya! Kipanga hamwoni, chakula ki karibu. Ala mbegu, akata na miche. Jambo hili lilipimwa katika mwitu wa Kibale, Uganda. Sehemu moja ilikatwa sana katika miaka ya 1968 na 1969. Baadaye walitega mitego, wakakuta panya wengi kuliko mahali pasipokatwa. Miaka mingi ikapita, na pengine pakabaki vichaka tu.

Basi tuue panya wote? Hapana. Katika mwitu wa Nyungwe, Rwanda, uko mti wenye mbegu kubwa za mafuta, Carapa grandiflora. Wanyarwanda waliuita umushwati. Mbegu yake ni nzito, upepo hauwezi kuichukua. Mwaka 2011 watu wa elimu waliandika kwamba panya huchukua mbegu hizi na kuzizika, kama mtu awekaye akiba. Nyingine huliwa. Ile anayoiacha yaweza kuota mbali na mama yake. Kwa mti huu panya ni mwizi, naye ni mpanzi pia.

Fuko ni habari nyingine. Yeye akaa chini ya udongo, achimba kwa meno, ala mizizi na viazi. Mche wake hukauka wima, majani hayajaguswa. Ukiuvuta watoka bila mzizi. Ukiona shina limekatwa juu ya udongo, usimlaumu fuko: tafuta panya, au funua udongo, labda utakuta funza. Jueni kwanza mwizi ni nani, ndipo mtege. Mtego wa fuko huwekwa ndani ya njia yake, si juu ya majani.

Mkipanda miti juu ya mlima, msichukue kitaluni miche laini. Ngojeni shina ligeuke mti kidogo, maana laini hukatwa kwa usiku mmoja. Lima duara kuzunguka kila mche, upana wa hatua moja, na majani uliyoyalima yatupe mbali. Wengine huyarundika penye shina ili kushika maji. Mahali penye panya wengi, rundo hilo ni nyumba yao. Pasua pia kipande cha mwanzi, uuvike mche kama koti, na chini kizame kidogo katika udongo. Kazi hii ni ndefu, najua, lakini kupanda mara tatu ni ndefu zaidi.

Sumu msitie. Bundi akila panya mwenye sumu aweza kufa naye. Wengi hamumpendi bundi, mwasema alia kwa ajili ya kifo. Lakini usiku kucha awinda panya, wala haombi mshahara.

Piteni kutazama miche kila juma katika miezi ya kwanza. Uliokatwa, wekeni mwingine katika shimo lile lile kabla mvua haijaisha.