Makueni: Gavana, Bunge Lake na Wenye Kaunti



Tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipoanza kutumika nchini Kenya, jirani zetu wamekuwa na kaunti 47, kila moja ikiwa na gavana aliyechaguliwa kwa kura na bunge lake lenyewe. Katiba hiyo inaagiza kwamba fedha zinazokwenda kwenye kaunti zisipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa. Hizo si fedha chache, na ugomvi mwingi wa kaunti chanzo chake ni hizo. Leo tunaitazama kaunti moja tu, Makueni, pamoja na mtu aliyeiongoza kwa miaka tisa, Profesa Kivutha Kibwana.

Profesa Kibwana hakuanzia siasa kijijini. Alikuwa mwalimu wa sheria, akafikia kuwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika miaka ya 1990 alikuwa mstari wa mbele katika madai ya kubadilishwa kwa katiba. Uchaguzi wa mwaka 2002 ulipouondoa utawala wa KANU, aliingia Bungeni kuiwakilisha Makueni kwa tiketi ya NARC. Akapanda haraka: alishika Wizara ya Mazingira, na baadaye Wizara ya Ardhi. Lakini uwaziri haukumlinda nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 2007 wapiga kura wa Makueni walimwondoa, naye akarudi Nairobi kuwa mshauri wa Rais Mwai Kibaki katika mambo ya katiba.

Mwaka 2013 alirejea kwa wapiga kura wale wale, safari hii akiomba ugavana wa kaunti nzima. Alisimama kwa tiketi ya chama kidogo cha Muungano, katika eneo la Ukambani ambako chama cha Wiper cha Kalonzo Musyoka ndicho kilichokuwa na nguvu. Alishinda. Ila bunge la kaunti halikuwa mkononi mwake, na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Wawakilishi wa wadi (ambazo sisi huku tunaziita kata) walivutana na gavana juu ya bajeti. Swali lilikuwa ni kiasi gani bunge lijitengee, na kiasi gani kiende kwenye maji, barabara na zahanati. Gavana alikataa, wawakilishi nao wakakataa, na kazi za kaunti zikakwama. Mwezi Septemba mwaka 2014 risasi zililia katika viwanja vya bunge hilo mjini Wote, na watu kadhaa wakajeruhiwa, wakiwamo maofisa wa gavana. Kaunti iliyoundwa ili serikali iwe karibu na mwananchi ilikuwa imefika mahali ambapo mwananchi anaikimbia.

Kilichofuata kinastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayefuatilia utawala wa mikoa na wilaya. Katiba ya Kenya, kifungu cha 192, inaruhusu serikali ya kaunti isimamishwe panapotokea hali isiyo ya kawaida, na baada ya hapo uchaguzi ufanyike upya. Sheria inataka ombi hilo liungwe mkono na asilimia 10 ya wapiga kura walioandikishwa. Wakazi wa Makueni walikusanya saini, wakaomba kaunti yao ivunjwe. Gavana mwenyewe aliunga mkono ombi hilo, ingawa maana yake ni kwamba naye angepoteza kiti pamoja na mahasimu wake. Ni nadra kumwona kiongozi aliye madarakani akikubali kurudi kwa wapiga kura kabla ya wakati wake.

Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga iliwasikiliza wananchi, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamua kutoivunja kaunti. Wapo waliosema wananchi wamenyimwa haki yao. Wapo pia walioona kwamba kaunti moja ikivunjwa kwa ugomvi wa bajeti, nyingine nyingi zitafuata. Kwa maoni yetu hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Hapa Tanzania tunajua uzito huo: serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, na kuzirejesha kulihitaji miaka na sheria mpya, zikiwamo zile za mwaka 1982.

Hukumu ilitoka kwenye sanduku la kura. Katika uchaguzi wa mwaka 2017 Profesa Kibwana alichaguliwa tena, sasa kwa tiketi ya Wiper, na wengi wa wawakilishi waliopambana naye hawakurudi bungeni. Wakati huo wananchi walikuwa na vitu vya kuvitaja. Kuanzia mwaka 2016 kaya iliyolipa shilingi 500 za Kenya kwa mwaka ilitibiwa katika hospitali za kaunti bila malipo mengine. Kiwanda cha kusindika maembe kilijengwa Kalamba, kwa wakulima waliokuwa wakiuza matunda yao kwa bei ya walanguzi. Na kulikuwa na mikutano ya ngazi kwa ngazi, kuanzia kijijini, ya kuchagua miradi, pamoja na kamati za wananchi ambazo bila saini zao mkandarasi halipwi.

Katiba haimruhusu gavana kupita vipindi viwili. Mwezi Agosti mwaka 2022 Profesa Kibwana, aliyekwisha kuachana na Wiper na kurudi Muungano, aliomba kiti cha Seneti. Alishindwa na Daniel Maanzo wa Wiper. Ugavana nao ulikwenda kwa Mutula Kilonzo Mdogo, wa chama hicho hicho. Watu waliomwunga mkono dhidi ya bunge zima hawakumfuata alipokihama chama, wala hatuoni ajabu: gavana hupimwa kwa zahanati na visima, bali seneta ni sauti ya kaunti huko Nairobi, na sauti hiyo Ukambani imezoea kutoka ndani ya chama.

Zile kamati za vijijini ni jambo jingine. Sheria ya Kenya inadai wananchi washirikishwe, lakini ngazi zile za Makueni ziliwekwa na serikali ya kaunti yenyewe, na ni gavana aliyepo pamoja na bunge lake wenye uwezo wa kuzilea au kuziacha zinyauke.