Jumba Lililomo Mfukoni Mwetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na vijana huko Marani)



Nimeombwa niseme habari za safari yangu ya Nairobi pamoja na mjomba wangu, ambaye nyote mnamfahamu. Yeye mwenyewe ameniruhusu kusema yote, hata yale yasiyompendeza.

Mwajua kwamba mwanawe alipomaliza shule ya sekondari alipata nafasi katika chuo cha ufundi, ajifunze useremala na ujenzi. Mjomba alikataa katakata. Alisema, "Sikuuza ng'ombe wawili kwa karo ili mwanangu aje kushika msumeno." Kijana akakaa nyumbani mwaka mzima, na mazungumzo ya baba na mwana yakawa ya salamu tu.

Basi mjomba alipopata shughuli Nairobi, nilimsindikiza. Tulipanda gari Kisii, tukapita Keroka, Sotik, Bomet na Narok, tukafika jioni. Asubuhi nilimwomba atoe noti mfukoni. Katika noti zote zilizoanza kutolewa mwaka 2019 pana picha ya jumba refu. Nikamwambia, "Mjomba, jumba hili walichukua mfukoni kila siku. Twende leo ukalione."

Hilo ndilo jumba la mikutano la Kenyatta, ambalo watu huliita KICC. Lilianza kujengwa mwaka 1967, likamalizika mwaka 1973. Kwanza lilikusudiwa kuwa makao ya chama cha KANU, kisha likakuzwa, kwa kuwa mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa ulikuwa ufanyike Nairobi mwaka huo wa 1973, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Waliolisanifu ni Karl Henrik Nøstvik, mtu wa Norwei, na David Mutiso, Mkenya mwenzetu. Mnara wake una urefu wa mita 105, na kando yake pana ukumbi wa mviringo wenye paa lililochongoka.

Mjomba alipouona ukumbi ule alicheka, akasema, "Mbona hii ni nyumba ya babu yangu, ila nyasi hazipo?"

Tulipanda lifti hadi juu, tukautazama mji wote. Lakini mjomba hakutaka kukaa huko. Alitaka kushuka apate kuugusa ukuta, ambao rangi yake ni kama ya chungu kilichochomwa. Akaniuliza unasimamaje. Nikamweleza kwamba ndani yake mna vyuma vilivyofungwa pamoja kwa waya, kisha zege humiminwa kati ya mbao zilizopigiliwa vizuri, na zege likishashika, mbao huondolewa.

"Na mbao hizo alizipiga nani?"

"Maseremala, mjomba."

Alinyamaza kitambo, mkono ungali ukutani. Kisha akasema, "Ujanani nilijenga nyumba za fito na udongo. Fito ni mifupa, udongo ni nyama. Kumbe hawa nao wamefanya vivyo hivyo." Hakusema neno jingine mpaka tulipofika tulikolala.

Tuliporudi nyumbani, alimwita mwanawe akamwuliza jinsi timazi inavyopima ukuta. Walizungumza mpaka taa ikaisha mafuta. Juma lililopita ng'ombe wa tatu aliuzwa, na kijana ameandikishwa chuoni.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kalamu, nami naiheshimu kazi yangu. Lakini katika maneno yote niliyoyafasiri, hakuna hata moja lililomkinga mtu mvua. Wasanifu walilichora jumba lile kwa kalamu, na lingalikuwa karatasi hata leo kama wasingalipatikana watu wa kushika msumeno, nyundo na mwiko. Kama yupo miongoni mwetu mzazi aliyemzuia mtoto kwa kuionea haya kazi ya mikono, na atoe noti mfukoni aitazame, kisha amwite mtoto wake wazungumze.