Nani Atamsikiliza Mtoto?

Ninyi mlio nyumbani, mlio vitandani hospitalini, nanyi mnaojitayarisha kwenda kazini, karibuni tutulie pamoja kwa dakika hizi chache. Somo letu latoka katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, kuanzia mstari wa 14.

Hajiri anatangatanga jangwani pamoja na mwanawe. Maji yamekwisha. Anamlaza mtoto chini ya kichaka, kisha anakwenda kuketi mbali, kwa maana hawezi kumtazama akifa. Mama analia kwa sauti kuu. Lakini tuangalie vema: sauti ambayo Maandiko yasema ilimfikia Mungu ni ya mtoto. Hatuambiwi alisema nini. Huenda alikuwa akinong'ona tu. Na jina lake, Ishmaeli, maana yake ni kwamba Mungu husikia.

Hajiri hakumchukia mwanawe. Uchungu ndio uliomweka mbali. Sisi nasi, wazazi, wazee wa kanisa na walimu wa shule ya Jumapili, twakaa mbali na watoto wetu vivyo hivyo. Twawapenda, lakini twaogopa watakayosema.

Na tuungame kosa letu wenyewe. Jumapili moja, baada ya ibada, msichana mdogo alitungojea mlangoni. Akaanza, "Mwalimu, kule nyumbani..." Hatukumwacha amalize. Tukamkumbusha amri ya tano, tukamwombea kwa haraka, tukaenda kwenye mkutano wa harambee. Hakurudi tena kutuambia neno. Tulipokuja kujua alikuwa akiteswa na mtu wa nyumba ile ile, miezi mingi ilikuwa imepita. Tulikuwa na maombi ya kumpa, lakini masikio hatukuwa nayo.

Mwaka 1935, huko Uingereza, kasisi kijana aitwaye Chad Varah alimzika msichana wa miaka 14 aliyejiua. Msichana huyo alikuwa ameanza kuona damu ya kila mwezi, akadhani ni ugonjwa wa aibu. Hakuwa na mtu wa kumwuliza. Fikirini, ndugu: neno moja la mama au shangazi lingetosha!

Kasisi yule hakusahau kaburi lile. Mwezi wa Novemba 1953, katika kanisa la St Stephen Walbrook mjini London, alifungua huduma ya simu kwa watu waliokata tamaa. Watu wengi walikuja pia kumwona. Basi watu wa kawaida wakajitolea kukaa na waliokuwa wakingoja zamu, wakiwapa chai na kuzungumza nao. Baada ya muda kasisi akagundua jambo: wengi, wakiisha kusikilizwa na hao wa chai, hawakuhitaji tena kumwona yeye. Mwaka 1954 akawakabidhi kazi ile ya kusikiliza. Hao ndio wanaoitwa Wasamaria.

Mwaka 1986 ilifunguliwa huko Uingereza simu ya watoto peke yao, nayo pia ikawategemea watu wa kujitolea. Hapa kwetu Kenya simu ya watoto ilianza mwaka 2006; mtoto hupiga 116 bila kulipa, mchana au usiku. Tuwafundishe watoto wetu namba hiyo, wala tusione haya wakiitumia.

Lakini si kila mtoto ana simu. Wengine wana sisi tu. Basi mtoto akija, tuketi. Tusimkatize, wala tusimwulize kwanza alikosa nini. Tusimwahidi kwamba tutaificha siri yake hata akiwa hatarini, na tena tusiichukue siri hiyo tukaitawanye kisimani au katika chama cha akina mama. Na ikiwa ameumizwa, tusiseme, "Tuyamalize hapa hapa nyumbani," kisha tumrudishe mikononi mwa yule anayemwumiza. Twende naye kwa afisa wa watoto au polisi, tusimwache aende peke yake.

Kumbukeni mwisho wa habari ya Hajiri. Mungu alimwagiza ainuke, amwendee mtoto na kumshika mkono. Kisha macho yake yakafumbuliwa, akaona kisima. Aliambiwa amrudie mtoto kwanza. Kisima alikiona baadaye. Pengine nasi hatujui la kufanya kwa sababu bado tumeketi mbali.

Leo jioni, kabla ya taa kuzimwa, kila mmoja wetu amwulize mtoto mmoja habari zake, kisha anyamaze na kungoja jibu.

Na tuombe. Ee Baba, wewe uliyemsikia mtoto jangwani, utusamehe wale tuliowanyamazisha. Utuzibe vinywa kwa muda, uyafungue masikio yetu. Utuinue tulikoketi, utupe miguu ya kuwaendea. Katika jina la Yesu, aliyewapokea watoto. Amina.