FEDHA ZETU ZA UZEE NA SERIKALI MPYA
(Hotuba kwa wanachama, Zombe, Kitui)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo hili: Serikali ikibadilika, hesabu ya waliokula mali ya umma chini ya Serikali ya zamani ifanyweje? Wako wasemao kwamba yaliyopita si ndwele. Methali hiyo yafaa kusuluhisha mke na mume. Haifai kufunga daftari la Hazina.

Tutazame mambo yetu wenyewe. Tarehe 27 Desemba, 2002, tuliiondoa KANU baada ya miaka 39, tukampa kura Bwana Mwai Kibaki wa NARC. Wengi mnayakumbuka majuma yale ya kwanza, abiria walipokuwa wakishuka katika matatu na kumkamata polisi aliyepokea hongo. Watu walikuwa tayari! Serikali nayo ilianza kwa mbio. Mwaka 2003 iliunda Tume ya Jaji Bosire kuchunguza Goldenberg, kampuni iliyolipwa na Hazina shilingi 35 juu ya kila shilingi 100 za dhahabu na almasi iliyodai kuuza ng'ambo, na hali Kenya haichimbi almasi. Tena kamati ya Profesa Makau Mutua ilizunguka nchini ikiuliza wananchi, na katika Agosti, 2003, ikashauri Tume ya Ukweli iundwe kabla ya mwisho wa Juni, 2004.

Haikuundwa. Baadhi ya wakubwa wa NARC walikuwa mawaziri wa KANU juzi tu, na mtu hapendi kufunguliwa daftari lenye jina lake. Kisha ikazuka habari ya Anglo Leasing, na Bwana John Githongo, aliyewekwa na Rais kulinda uadilifu, akajiuzulu mwaka 2005 akiwa Uingereza.

Lakini inayotuhusu sisi zaidi ni ripoti ya Tume ya Bwana Paul Ndung'u juu ya ardhi ya umma, iliyotolewa mwaka 2004. Yaeleza jinsi viwanja vya umma vilivyogawiwa wakubwa, nao wakaviuza kwa mashirika ya Serikali kwa bei kubwa. Mmoja wa wanunuzi hao ni NSSF. Na NSSF ni nini? Ni makato ya mshahara wako wewe karani, wewe mpishi, wewe dereva. Mzee aliyefanya kazi Mombasa miaka 30 akarudi hapa Zombe, fedha zake za uzee zilitumika kununua kiwanja ambacho, kwa kuwa ni raia, kilikuwa chake tangu mwanzo. Ameibiwa mara mbili.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja kwa sheria ya mwaka 2008, baada ya damu kumwagika. Ilipewa kazi ya kuchunguza mauaji, na pia ufisadi mkubwa na unyakuzi wa ardhi. Ripoti yake ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 21 Mei, 2013, ikapelekwa Bungeni, ikalala. (Kuandika, tume zetu zinajua sana.)

Kwa hiyo tawi hili litake mambo mawili kwa kila mwenye kuomba kura zetu. Kwanza, tume iundwe katika miezi sita ya mwanzo, kabla wapya hawajazoea viti. Pili, atakayeungama arudishe kwanza: hati ya kiwanja ifutwe, na fedha ziingie katika mfuko zilikotoka, kwa hesabu itakayosomwa hadharani.

Na Jumamosi ijayo, kila mwanachama amletee Katibu karatasi yake ya NSSF, tulinganishe makato na yaliyowekwa.