Aliyesema Atajwe

Wiki iliyopita nilikuwa Hasamba, wilayani Mbozi, katika Mkoa wa Songwe. Jioni moja alinijia kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, ana bahasha mkononi na uso umekunjamana. "Shikamoo mzee," akasema. Nikaitikia. Akanipa barua aliyoletewa na mhariri wa jarida moja la kitaaluma. Alikuwa ameandika makala kuhusu kimondo cha Mbozi na yale wanayoyasema wazee juu yake. Miezi minane aliandika usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Mhariri hakuikataa makala. Alisema hoja ni nzuri ila marejeo hayajakaa sawa, akampa wiki tatu ayatengeneze.

"Hivi mzee," akaniuliza, "kweli elimu imekuwa ni mkato na nukta?"

Swali hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, maana najua huko mjini mnakonisikiliza wako wengi wenye bahasha kama ile.

Tuliketi tukaisoma makala pamoja. Ukurasa wa pili ulisema kimondo kina uzito wa tani 12. Kurasa tatu mbele ikawa tani 16. Nikamuuliza amezipata wapi. Ya kwanza aliitoa gazetini, ya pili katika kijitabu cha watalii. Je, gazeti lilipata wapi? Hajui. Na kijitabu? Hajui. Hesabu zote mbili ni za kukadiria, na kadirio halina maana mpaka ijulikane ni la nani na la mwaka gani. Msomaji wa makala ile angeachwa njia panda.

Lakini njia ya kurudi ipo. Kimondo kile kiko Ndolezi, humo humo wilayani Mbozi. Mpimaji aitwaye W. H. Nott alikitolea taarifa mwaka 1930. Mwaka uliofuata, 1931, D. R. Grantham na F. Oates walichapisha makala ya kisayansi juu yake katika jarida la Mineralogical Magazine, juzuu la 22. Sasa angalieni jambo dogo. Katika kichwa cha makala hiyo jina limeandikwa "Mbosi", kwa herufi s, na hivyo ndivyo kinavyoitwa hata leo katika orodha ya kimataifa ya vimondo. Kijana wetu, kwa nia njema kabisa, alikuwa amelisahihisha akaandika "Mbozi". Mtu wa Nairobi au London akiitafuta makala hiyo kwa z anaweza asiipate. Herufi moja imefunga barabara.

Hiyo ndiyo kazi ya marejeo, ndugu wasikilizaji. Jina la mwandishi, mwaka, kichwa kama kilivyochapwa, jina la jarida, juzuu na kurasa, kila kimoja ni kibao cha njiani. Mbozi ni wilaya ya kahawa, kwa hiyo nilimpa kijana mfano wa mizani. Mkulima akipeleka kahawa chamani hupimiwa, akapewa stakabadhi. Haulizi kwa nini karatasi ile ina tarehe na namba. Anajua kwamba siku ukitokea ubishi, karatasi ndiyo itakayosema. Marejeo ni stakabadhi ya mwandishi.

Ama kuhusu mkato na nukta zenyewe, mitindo ni mingi. Uko wa APA, yaani wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, uko wa Chicago, na uko wa Harvard. Mmoja huweka mwaka katika mabano, mwingine hutumia tanbihi chini ya ukurasa. Hakuna ulio mtakatifu kuliko mwenzake. Lakini kila jarida limechagua wake, na limeueleza katika maelekezo kwa waandishi. Yasomeni kwanza. Kisha fuateni mtindo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kila anayetajwa ndani ya makala awemo katika orodha, na kila aliyemo katika orodha awe ametajwa ndani. Na kama maneno ya Grantham umeyakuta katika kitabu cha mtu mwingine, sema hivyo. Usijifanye umefika kwake.

Majina nayo yana mtihani wake. Shaaban Robert, kwa mfano, jina la Robert lilikuwa la baba yake, lakini katika orodha za marejeo huwekwa chini ya herufi R. Ukimwandika mara Robert, mara Shaaban, umezaa waandishi wawili kwa mtu mmoja.

Sasa naja kwenye jambo lililonigusa zaidi. Sehemu iliyo bora katika makala ile ni maneno ya mzee wa pale Hasamba, ambaye kijana aliketi naye siku tatu. Na marejeo yake je? Yaliandikwa hivi: "mzee mmoja alisema". Basi. Mpimaji aliyepita mwaka 1930 ana jina na herufi zake za mwanzo. Mzee aliyetoa elimu yake bure ni "mzee mmoja". Wenyeji walikijua kimondo kile kabla ya Nott, lakini hawamo katika orodha yoyote kwa sababu hakuna aliyeuliza majina yao. Je, na sisi turudie yale yale kwa mikono yetu wenyewe?

Kijana alijitetea kwamba mtindo wa APA hauruhusu mazungumzo kuingia katika orodha ya mwisho. Ni kweli, mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata hutajwa ndani ya makala tu. Lakini hata huko ndani hutajwa kwa jina na tarehe. Aidha, maneno yakirekodiwa na kuhifadhiwa mahali panapojulikana huwa chanzo kama vingine. Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya habari za vita vya Maji Maji. Ripoti zao zilipewa namba, na wanahistoria wamekuwa wakizitaja kwa namba hizo. Maneno ya wazee wale yana anwani. Bila shaka, mzee aombwe ruhusa kwanza, na asiyetaka kutajwa aheshimiwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usingoje kumaliza kuandika ndipo uanze kutafuta ulikosoma. Andika chanzo siku ile ile unaposoma, na ukurasa wake. Siku hizi ziko programu za kompyuta zinazoweza kukupangia orodha kwa dakika moja. Zitumieni, lakini mkague kila mstari, kwani nyingine hutunga vitabu ambavyo havijapata kuandikwa na mtu yeyote. Mhariri akikitafuta kitabu cha namna hiyo asikione, aibu haitakuwa ya kompyuta.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana lilikuwa hili: elimu si mkato na nukta, bali ni uaminifu, na uaminifu una mahali pake pa kuandikwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mzee yule kumwomba jina lake kamili na ruhusa ya kulitumia. Nilipopanda basi kuondoka alikuwa bado hajarudi.