Saa za Kuwasha Mtambo: Udhibiti wa Gesi ya Salfa katika Viwanda vya Mbolea

Mada kwa semina ya wakaguzi wa mazingira na wahandisi wa viwanda, Tanga

Waandaaji waliniomba nizungumzie uzalishaji wa asidi ya salfuriki na udhibiti wa uchafuzi katika viwanda vya mbolea kwa ujumla wake. Nitalitimiza hilo kwa kifupi, kisha naomba ruhusa nitumie muda mwingi kwa jambo moja ambalo nimelipigania miaka yote ya ukaguzi wangu na bado halijapewa uzito unaostahili. Ninayoyasema ni maoni yangu. Si msimamo wa ofisi yoyote niliyoitumikia.

1. Maelezo ya awali

Asidi ya salfuriki ndiyo inayoivunja fosfeti ya mwambani hadi mmea uweze kuitumia. Fosfeti ya Minjingu inaweza kusagwa na kupelekwa shambani moja kwa moja, hasa penye udongo wenye asidi. Ile ya milima ya Sukulu, karibu na Tororo nchini Uganda, ni ya asili ya volkano na haiyeyuki kirahisi, kwa hiyo bila asidi haimfai mkulima. Hapa Tanga nasi tulikuwa na kiwanda cha mbolea kilichoanza kazi miaka ya 1970 na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Njia ya kuitengeneza mnaijua. Salfa huchomwa ikatoa salfa dayoksaidi. Gesi hiyo hupitishwa kwenye matabaka ya kichocheo cha vanadi, kwa kawaida manne, ikageuka salfa trayoksaidi. Nayo hufyonzwa kwa asidi ya asilimia 98, si kwa maji, maana ikikutana na maji hugeuka ukungu wa asidi ambao ni kazi kuunasa. Mtambo wa kufyonza mara moja hugeuza takriban asilimia 98 ya gesi. Wa kufyonza mara mbili hufikia asilimia 99.7. Kila tani ya asidi hutumia kilo 653 za salfa dayoksaidi, kwa hiyo mtambo wa kwanza hupoteza kilo 13 kwa tani na wa pili kilo 2. Hizo kilo 2 ndizo kikomo ambacho Marekani iliviwekea viwanda vipya mwaka 1971.

Jasi ya fosfeti na gesi za floridi nawaachia wenzangu wanaofuata.

2. Tatizo lenyewe

Takwimu zote hizo ni za mtambo uliokwisha kupata moto.

Kichocheo cha vanadi kikiwa baridi hakifanyi kazi. Kinahitaji nyuzi 400 hivi. Kabla ya kuwasha salfa, matabaka hupashwa kwa hewa moto, mara nyingi kwa kuchoma dizeli, na kazi hiyo huweza kumaliza siku nzima. Dizeli ni ghali, na meneja anadai tani zake. Basi salfa huwashwa mara tu tabaka la kwanza linapofikia joto, la tatu na la nne yangali baridi, na gesi ambayo haijageuzwa hutoka moja kwa moja kwenye dohani.

Tupige hesabu. Kiwanda cha tani 300 kwa siku chenye ufyonzaji wa mara mbili, kikienda vizuri, hutoa kilo 590 hivi za salfa dayoksaidi kwa saa 24. Kiwashwe kwa nusu ya uwezo, asilimia 20 ya gesi ikiwa haijageuzwa, kitatoa zaidi ya kilo 800 kwa saa moja. Saa moja hiyo inaipita siku nzima.

Kwetu kuna tatizo la umeme pia. Mtambo ukizimwa kwa utaratibu, hewa moto hupulizwa kwenye matabaka mpaka gesi iliyosalia iishe. Umeme ukikatika ghafla, hakuna kupuliza. Gesi hubaki ndani ya kichocheo, na siku ya kuwasha ndiyo hutangulia kutoka. Kiwanda kinachozimika mara moja kwa mwaka na kinachozimika kila wiki si sawa hata kidogo, ijapokuwa ripoti zao za robo mwaka huja na tarakimu zinazofanana.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kwenye kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja. Mara tatu tulikwenda mchana, tukiwa tumetanguliza barua, na mara tatu mashine ya kupimia gesi ilisoma chini ya kiwango. Mara ya nne mama mmoja anayeishi nyuma ya ukuta wa kiwanda alinishika mkono akanipeleka kwenye kamba yake ya nguo. Aliinua kanga akaielekeza juani: ilikuwa na vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano, vimetapakaa upande mmoja tu, ule uliotazama kiwanda. Bustanini majani ya mchicha yalikuwa yamepauka kati ya mishipa, mishipa yenyewe ingali kijani.

"Mwanangu," akaniambia, "nyie mnakuja mchana. Hiki kitu kinatoka usiku, umeme ukisharudi."

Nilirudi usiku bila barua, nikakaa barazani kwake. Umeme ulirudi saa nne. Saa saba moshi mweupe ulitoka, badala ya kupanda ukashuka na kutambaa juu ya mabati, na watoto ndani wakaanza kukohoa mmoja baada ya mwingine. Mashine yangu iligota kwenye kikomo chake cha juu, ikabaki hapo dakika arobaini. Nikaandika ripoti. Nilijibiwa kwamba wastani wa mwezi uko ndani ya kiwango, na ni kweli ulikuwa ndani. Jibu lile linaniuma hadi leo.

Kifua cha mtoto hakivuti wastani wa mwezi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha dakika 10, maikrogramu 500 kwa mita ya ujazo: mwenye pumu hubanwa ndani ya dakika chache. Mwaka 2010 Marekani nayo iliachana na viwango vya afya vya saa 24 na vya mwaka kwa gesi hii, ikaweka cha saa moja. India ilifundishwa kwa uchungu. Tarehe 4 Desemba 1985 oleamu, aina kali ya asidi ya salfuriki, ilivuja katika kiwanda cha Shriram jijini Delhi, mwaka mmoja tu baada ya maafa ya gesi ya Bhopal, na wakili mmoja akafariki. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu P. N. Bhagwati, iliamua kwamba mwenye kiwanda cha hatari anawajibika kwa madhara yake hata akisema alichukua kila tahadhari. Kwetu neno "hitilafu" bado linatosha kufunga jalada.

3. Mapendekezo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatupa mamlaka ya kutosha, kwa hiyo mengi ya haya yanawezekana kwa masharti ya cheti cha mazingira tu. Cheti kitaje joto la chini la kila tabaka, na la mwisho hasa, ambalo salfa isiwashwe kabla halijafikiwa. Vipimo vya dohani virekodiwe dakika kwa dakika, mashine isizimwe wakati wa kuwasha, na iwe na uwezo wa kusoma viwango vya juu. Ile yangu haikuwa nao. Ripoti ya robo mwaka ieleze mtambo umewashwa mara ngapi, kwa saa ngapi, na kilo ngapi zilitoka kila mara.

Ukaguzi ufanyike usiku na bila barua. Kiwanda kiwe na umeme wa akiba wa kuendesha feni ya kusafisha matabaka. Penye nyumba karibu kiwekwe kisafishaji cha gesi kinachotumia magadi kwa ajili ya saa za kuwasha, au kichocheo chenye sizi (caesium) kinachoanza kazi kwenye joto la chini zaidi. Gharama ipo, nami siifichi. Mwenyekiti wa mtaa apigiwe simu kabla salfa haijawashwa, watu waanue nguo na kufunga madirisha. Daftari la zahanati la wagonjwa wa kifua lilinganishwe na daftari la zamu la kiwanda, tarehe kwa tarehe. Kiwango kipimwe kwa saa, si kwa mwezi. Nimekwisha kulisema hili, na ukaguzi wa usiku nimekwisha kuusema. Nayarudia yote mawili kwa sababu ndiyo yaliyoachwa kila mara mapendekezo yangu yalipofupishwa.

La mwisho linamhusu mhandisi wa zamu. Aandike joto la tabaka la nne kwa mkono wake, aweke saini, na likiwa chini awe na haki ya kukataa kuwasha, hata meneja akipiga simu saa saba usiku.