MACHELA PEKE YAKE HAITOSHI



Sisi walimu tumeombwa na Kamati tuseme machache juu ya elimu katika siku hii ya kumbukumbu. Leo hatutazungumza juu ya madawati na vitabu. Tumechagua kazi moja ambayo vijana wetu wanatuuliza sana: kazi ya kumtibu mgonjwa njiani, kabla hajafika hospitali.

Kazi hiyo si ngeni kwetu. Tangu enzi za wazee, mgonjwa alilazwa katika machela, ile inayoitwa ingobyi hapa Rwanda, na majirani wakapokezana kumbeba mlima kwa mlima. Ule ulikuwa utu, na tunaushukuru. Lakini machela humfikisha mtu, haimtibu. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache tu huanza kufa. Aliyezimia akilazwa chali, ulimi unaweza kumziba pumzi. Aliyeanguka na pikipiki akaumia shingo, akibebwa ovyo anaweza kupooza maisha yake yote. Hapo nguvu za mabega hazitoshi, yanatakiwa masomo.

Tutazame Kigali. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Rwanda ilibaki na waganga na wauguzi wachache, kwani wengi waliuawa na wengine walikimbia. Mwaka 1996, mwaka uleule kambi yetu ya Kiziba ilipofunguliwa, ilianzishwa Kigali Health Institute kufundisha wauguzi, wataalamu wa dawa ya usingizi na wengineo. Mwaka 2007 Wizara ya Afya ikaanzisha SAMU, huduma ya magari ya wagonjwa, ambayo huitwa kwa simu namba 912. Katika gari waliwekwa dereva, muuguzi na mtaalamu wa usingizi. Angalieni jambo hili: kazi ilianza na watu waliosomea wodi, na barabarani wakajifunza yale ambayo wodi haikuwafundisha. Baadaye yakaja mafunzo yao maalumu, na baadhi yao wakawa wakufunzi wa wenzao. Mwaka 2013 Kigali Health Institute iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda, na mwaka huohuo madaktari wakaanza kusomea ubingwa wa tiba ya dharura. Ndivyo kazi inavyogeuka taaluma: kwanza shida, halafu mikono, halafu mtaala, mtihani na cheti.

Hiyo hatua ya cheti ndiyo inayotutia wasiwasi. Cheti humlinda mgonjwa asiguswe na mtu asiyejua. Lakini kinaweza pia kumfungia mlango yule aliyeifanya kazi tangu mwanzo. Mjini Pittsburgh, Marekani, ilianzishwa mwaka 1967 huduma iitwayo Freedom House. Vijana Weusi wa mtaa maskini, wengi wao bila kazi, walifundishwa chini ya Daktari Peter Safar, wakawa miongoni mwa watu wa kwanza nchini mwao kumtibu mgonjwa ndani ya gari. Daktari Nancy Caroline, ambaye alikuja kuwafundisha baadaye na ambaye miaka ya 1980 alifanya kazi na AMREF mjini Nairobi, aliandika mtaala uliotumiwa nchi nzima. Lakini mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake, Freedom House ikafungwa, na wengi wa wale vijana wakasukumwa pembeni. Ujuzi wao ulibaki, wenyewe wakaachwa.

Ndugu zetu, hilo lisitokee kwetu. Hapa kambini wako wahudumu wa afya, wakimbizi wenzetu, wanaoamshwa usiku kila mara mtu anapozidiwa. Semina wamehudhuria nyingi. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, mashirika yaandike kila semina ilikuwa ya saa ngapi, ilifundisha nini, na nani alipimwa akafaulu. Karatasi inayosema tu kwamba mtu alihudhuria haimsaidii mbele ya chuo.

Pili, nafasi za masomo ya afya zinapopatikana, wenye uzoefu wafikiriwe kwanza, tena wapewe masomo ya matayarisho. Tangu mwaka 2008 Rwanda ilichagua Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa kule Kongo. Mtu anayejua kuzuia damu asianguke mtihani kwa sababu ya lugha tu.

Tatu, wazazi, msiwatoe wasichana shuleni. Biolojia na kemia ndizo mlango wa kazi hii, na mlango huo hauulizi kama wewe ni mvulana au msichana.

Sisi walimu nasi tuna deni. Tuko tayari kufundisha Kiingereza na biolojia jioni, bila malipo. Tunaiomba Kamati itutafutie chumba chenye taa.

Machela tutaendelea kuibeba, maana njia zetu ni za milima. Tunachotaka ni kwamba anayetembea kando ya mgonjwa awe amesoma, na kusoma kwake kuwe kumeandikwa mahali panapojulikana.